KUHAMA KWA WEMA: MPANGAJI NA MWENYE NYUMBA WARUDISHIANE AMANA

(Yafuatayo ni mazungumzo yaliyotayarishwa kwa ajili ya wapangaji na wenye nyumba wa Mnarani, Kilifi. Twayachapa yote kwa kuwa yanawahusu wasomaji wetu wa mashamba na wa mjini pia.)

Leo nataka tuzungumze juu ya jambo ambalo wengi wetu tumelifanya au tutalifanya, nalo ni kuhama katika nyumba ya kupanga. Kuingia katika nyumba ni kazi nyepesi. Mwenye nyumba hufurahi kupata mpangaji, mpangaji hufurahi kupata mahali pa kujisitiri, na watu hupeana mikono. Ugomvi huja siku ya kutoka. Hapo ndipo mpangaji aambiwapo kwamba amana yake imekwisha kutumika, na ndipo mwenye nyumba aonapo kitasa kimevunjika na kodi ya mwezi haijalipwa. Watu waliosalimiana kila asubuhi kwa miaka mitatu huachana kwa matusi, na sababu yake ni shilingi elfu chache tu.

Lakini fedha hizo si chache kwa wenyewe. Kibarua au mtumishi wa hoteli asiporudishiwa amana yake hana cha kulipia amana ya nyumba anayokwenda. Naye mama mjane aliyejenga vyumba viwili kwa kiinua mgongo cha marehemu mumewe, akikosa kodi ya mwezi mmoja, amekosa karo ya mtoto. Kwa hiyo yafaa tulitazame jambo hili kwa makini.

Mnarani yetu ni mahali palipozoea watu kuja na kuondoka. Magofu ya misikiti na kaburi lenye mnara, yaliyo juu ya ukingo wa hori, ni ya mji wa kale ulioachwa na wenyeji wake katika karne ya 17, na ambao Bwana James Kirkman aliuchimbua na kuuchunguza katika miaka ya 1950. Wazee wetu wanakumbuka siku za feri, ambapo mtu aliyehamia ng'ambo ya Kilifi alingoja zamu yake pwani na vitanda na masufuria yake. Daraja lilifunguliwa mwaka 1991, na tangu hapo mtu aweza kulala Mnarani na kufanya kazi Kilifi mjini. Makao ya Serikali ya Kaunti yamekuwa huko tangu mwaka 2013, na mwaka huo huo chuo cha Pwani kilipewa hati ya kuwa Chuo Kikuu kamili. Waalimu, wauguzi, askari, wanafunzi na watumishi wa hoteli wote wanatafuta vyumba. Penye wapangaji wengi hapana budi pawe na kuhama kwingi.

AMANA MBILI

Twaita fedha anazoweka mpangaji siku ya kwanza "amana", na neno hilo ni zuri kuliko tunavyofikiri. Amana ni kitu cha mtu kilichowekwa mikononi mwa mwingine akitunze mpaka mwenyewe atakapokitaka. Aliyewekewa hakimiliki. Akikitumia bila ruhusa amevunja uaminifu, na kila mtu wa pwani ajua aibu ya jambo hilo.

Lakini katika nyumba ya kupanga amana ni mbili. Mwenye nyumba amewekewa fedha, na mpangaji amewekewa nyumba: milango, madirisha, kitasa, bomba na choo. Siku ya kuhama ni siku ya kurudishiana amana hizo mbili kwa pamoja, mchana, mbele ya shahidi. Mengine yote nitakayosema leo ni njia za kuifikia siku hiyo bila ugomvi.

KUHAMA KWEMA HUANZA SIKU YA KUINGIA

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Siku unayopewa ufunguo, kabla hujaingiza hata mkeka, zungukeni nyumbani pamoja wewe na mwenye nyumba, au msimamizi wake. Andikeni katika karatasi mbili zinazofanana hali ya kila kitu: vioo vya madirisha ni vingapi na ni kipi kilicho na ufa, kitasa kinafunga au hakifungi, bomba linavuja au halivuji, rangi ya ukuta ni mpya au ya zamani, mita ya umeme inasoma namba gani. Tieni sahihi zenu, kila mtu achukue nakala yake. Mwenye simu ya kupiga picha na apige picha za kila chumba siku hiyo.

Kadhalika fedha zote na ziwe na stakabadhi. Siku hizi wengi hulipa kodi kwa M-Pesa, iliyoanza hapa Kenya mwaka 2007, na ujumbe wa simu ni ushahidi mzuri kwa kuwa unaonyesha jina, tarehe na kiasi. Lakini simu huibwa, na nyingine huanguka majini. Nakili malipo yako katika daftari kila mwezi. Ukilipa taslimu, usiondoke bila karatasi.

KUTOA TAARIFA

Mwenye kutaka kuhama hana budi kutoa taarifa mapema. Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012 yasema kwamba upangaji unaokwenda kipindi kwa kipindi huvunjwa kwa taarifa isiyopungua kipindi kimoja, na taarifa hiyo iishe katika siku ya kulipa kodi. Maana yake ni kwamba anayelipa kodi kila mwezi atoe taarifa ya mwezi mzima. Tuchukue mfano. Kodi yako hulipwa tarehe 1, nawe wataka kutoka Juni inapokwisha. Basi taarifa yako na imfikie mwenye nyumba kabla ya Juni kuanza. Ukimpa tarehe 12 Juni, hesabu yako haiishi tarehe 12 Julai. Itakwenda mpaka Julai imalizike. Ikiwa mliandikiana hati yenye masharti mengine, isomeni hati hiyo kwanza. Mwenye kupanga duka au hoteli ana sheria yake mbali, ya mwaka 1965, wala asitumie maneno haya ya nyumba za kukaa.

Taarifa na iwe ya maandishi, hata kama mwenye nyumba ni rafiki yako. Lakini adabu yetu haikubali karatasi itangulie mtu. Usimtume mtoto na barua kama mtu anayemshitaki mwenzake. Nenda mwenyewe jioni, mwamkie, keti barazani, mwambie kwa kinywa kwamba wakati wako wa kuondoka umekaribia, kisha umpe barua. Ikiwa ni mzee asiyesoma, isome mbele ya mwanawe au jirani. Barua yenyewe haihitaji maneno mengi. Yatosha kuandika hivi:

"Kwa Mama Mwenye Nyumba. Salamu nyingi. Mimi mpangaji wako wa chumba cha tatu nakuarifu kwamba nitahama tarehe 30 Juni. Kodi ya Juni nitailipa kama kawaida. Naomba tukague chumba pamoja siku hiyo saa tatu asubuhi, nikukabidhi ufunguo, nawe unirudishie amana yangu ya Sh 5,000. Nakushukuru kwa wema wako. Ni mimi mpangaji wako."

Tia tarehe na sahihi, na uombe atie sahihi yake katika nakala yako kuonyesha kwamba ameipokea.

Hapa nina onyo moja. Wahenga walisema, usiache mbachao kwa msala upitao. Usitoe taarifa kwa kusikia tu kwamba kuna chumba kizuri ng'ambo. Kakione kwanza chumba hicho. Uliza maji yanatoka siku ngapi katika juma, umeme ni wa mita yako au wa kushirikiana, na lango hufungwa saa ngapi. Ukiridhika, lipa na upate stakabadhi, ndipo urudi kutoa taarifa.

USIILE AMANA YAKO

Wako wapangaji ambao, wakiisha kuamua kuhama, huacha kulipa kodi ya mwezi wa mwisho wakasema, "Amana yangu iko kwako, jilipe." Huona kwamba wamefanya busara. Lakini fikirini. Amana iliwekwa ili kulinda nyumba. Ikiisha kuliwa kwa kodi, mwenye nyumba hana kinga yoyote atakapokuta mlango umepasuka. Ndiyo maana wenye nyumba wengine sasa hudai amana ya miezi miwili, na wanaoumia ni wapangaji wanaokuja nyuma. Ikiwa pande zote mbili zimekubaliana kwamba amana iwe kodi ya mwisho, hakuna ubaya, lakini makubaliano hayo nayo yaandikwe.

UCHAKAVU NA UHARIBIFU

Ugomvi mkubwa huwa juu ya matengenezo. Kwa hiyo hapana budi tujue tofauti ya uchakavu na uharibifu. Uchakavu ni kazi ya siku na ya hewa. Huo ni mzigo wa mwenye nyumba. Uharibifu ni kazi ya mkono wa mtu, au ya uzembe wake. Huo ni mzigo wa mpangaji.

Sisi watu wa pwani tuna mambo yetu katika jambo hili. Upepo wa bahari una chumvi, na chumvi hula chuma. Bawaba na komeo zitapata kutu hata kama mpangaji ni mtu msafi kuliko wote. Kuta zetu nyingi ni za mawe ya matumbawe, nazo huvuta unyevu kutoka chini, hata chokaa na rangi ikabanduka karibu na sakafu. Mchwa hula miimo ya milango. Makuti huzeeka na kuvuja. Haifai mwenye nyumba amkate mpangaji fedha kwa mambo hayo.

Lakini kioo kilichovunjwa na mpira wa mtoto, ukuta uliotobolewa kwa misumari, dari iliyokuwa nyeusi kwa moshi kwa kuwa mtu alipikia ndani ya chumba cha kulala, na choo kilichozibwa kwa matambara, hayo ni ya mpangaji. Yafaa ayatengeneze mwenyewe katika majuma mawili ya mwisho. Fundi umtafutaye mwenyewe mapema, mkaelewana bei, hukugharimu kidogo kuliko fundi aliyeitwa kwa haraka na fedha zikatoka katika amana yako.

Ikiwa kuna kukatana, na iwe kwa hesabu iliyo wazi. Mathalan, amana ilikuwa Sh 5,000. Kitasa kipya ni Sh 800, na kioo pamoja na kazi ya fundi ni Sh 700. Jumla ni Sh 1,500, na mpangaji arudishiwe Sh 3,500. Mwenye nyumba aonyeshe risiti ya kitasa na ya kioo. Neno "umeniharibia nyumba" peke yake si hesabu.

UMEME, MAJI NA MADENI MADOGO

Mita ya umeme ni ya nyumba, haichukuliki. Wenye mita za kulipia kwanza wajue kwamba umeme uliosalia ndani ya mita utatumiwa na mpangaji ajaye. Basi katika majuma ya mwisho nunua kidogo kidogo. Wanaoshirikiana mita moja wapige hesabu ya mwisho siku ile ile ya kuhama, wakisoma namba pamoja. Maji nayo ni hivyo hivyo: omba ankara ya mwisho uilipe, na ubaki na stakabadhi.

Usisahau madeni ya mtaani. Mwenye duka aliyekuandikia unga na mafuta ya taa katika daftari lake alikuamini kwa kuwa alijua unapokaa. Mlipe kabla hujapakia kitanda. Ukiwa na watoto shuleni, mwone mwalimu mkuu mapema juu ya uhamisho wao, wala usimkatize mtoto masomo katikati ya mtihani ikiwa waweza kungoja. Waarifu pia majirani, hasa wale wa Nyumba Kumi, ili wajue kwamba chumba ki tupu na mtu atakayeonekana akitoa vitu ni wewe.

SIKU YENYEWE

Ukiweza kuchagua mwezi, epuka Mei, kwa kuwa hapa kwetu ndipo mvua za masika huzidi, na godoro lililonyeshewa juu ya mkokoteni halikauki upesi. Hama mchana. Elewaneni bei na hamali au mwenye pikapu kabla ya kupakia, na kama mzigo utavuka daraja aambiwe tangu mwanzo. Hati za maana, kama vile vitambulisho, vyeti vya watoto, stakabadhi na dawa za mgonjwa, zichukue mwenyewe mkononi katika mfuko mmoja. Vyombo vya kupikia vipakie mwisho, ili viwe vya kwanza kushuka na watoto wale mapema.

Chumba kikiisha kuwa kitupu, kifagie, osha sakafu na choo, toa taka zote. Ndipo muitane na mwenye nyumba, muitoe ile karatasi ya siku ya kwanza, mzunguke tena kama mlivyozunguka siku hiyo. Shahidi na awepo, jirani mmoja atosha. Ufunguo utoke katika mkono wa mpangaji na fedha zitoke katika mkono wa mwenye nyumba katika kikao hicho kimoja. Andikeni chini ya karatasi: "Nyumba imerudishwa, amana imerudishwa, hatudaiani." Tieni sahihi. Mstari huo mmoja umezuia kesi nyingi.

JUU YA KUHAMA USIKU

Wako wanaodaiwa kodi ya miezi kadhaa, nao huona dawa ni kuondoka usiku wa manane, vitu vikipitishwa dirishani. Najua kwamba wengi wao si wezi. Kazi imekwisha, mgonjwa yuko hospitali, na aibu imewazidi. Lakini deni halibaki katika chumba, humfuata mtu. Sheria humruhusu mwenye nyumba kuzifuata mali zilizoondolewa kwa hila ili kumkwepa. Tena majirani huona, na wasimamizi wa nyumba hujuana. Aliye na shida na aende kwa mwenye nyumba kabla deni halijakuwa kubwa, aseme ukweli, waandikiane atalipa kiasi gani na lini. Wenye nyumba wengi hupendelea nusu ya deni yenye ahadi ya kweli kuliko chumba kitupu na simu isiyopokewa.

NENO KWA WENYE NYUMBA

Nanyi wenye nyumba, amana ya mpangaji msiinunulie saruji. Iwekeni mbali, benki au katika simu, isichanganyike na fedha za matumizi. Ikiwa imekwisha kutumika, semeni mapema, siku mnayopokea taarifa, ili mpate mwezi mzima wa kuitafuta. Kumwambia mtu habari hiyo wakati kitanda chake kiko juu ya mkokoteni ni kumdhulumu.

Wala msichukue sheria mikononi. Kung'oa mlango, kuondoa mabati au kutia kufuli juu ya kufuli la mpangaji ni kujitafutia mashitaka. Mali ya mpangaji haishikwi na mwenye nyumba kwa mkono wake mwenyewe; kazi hiyo ni ya dalali mwenye leseni, kwa utaratibu uliowekwa. Tena mpangaji mwema akiondoka, mwandikieni barua fupi ya kumsifu. Haigharimu kitu, nayo humfungulia mlango aendako.

PAKITOKEA UGOMVI

Mkishindwa kuelewana, anzeni na watu wa karibu: jirani mwenye busara, mzee wa mtaa, au chifu. Hawa hupatanisha, na Katiba ya mwaka 2010 yenyewe yahimiza upatanisho wa namna hiyo. Ikishindikana, nyumba za kukaa zenye kodi rasmi isiyozidi Sh 2,500 kwa mwezi zina sheria yake, iliyotungwa mwaka 1959, yenye baraza la kuamua mashauri ya kodi. Kwa madai ya fedha zilizoshikwa na mwenzako kuna Mahakama ya Madai Madogo, iliyowekwa kwa sheria ya mwaka 2016. Husikiliza madai yasiyozidi Sh 1,000,000, sheria yataka shauri liamuliwe katika siku 60, na mtu aweza kujisemea mwenyewe. Mahakama iliyo karibu nawe itakuelekeza. Lakini popote uendapo utaulizwa swali moja: "Karatasi zako ziko wapi?" Aliyeweka daftari tangu siku ya kwanza atakuwa na jibu.

Mabibi na Mabwana, wahenga walituonya tusiwatukane wakunga na uzazi ungalipo. Mpangaji atahitaji nyumba nyingine, na mwenye nyumba atahitaji mpangaji mwingine, na wote wawili watakutana sokoni, msikitini, kanisani au kwenye matatu ya kuvuka daraja. Milima haikutani, binadamu hukutana. Basi warudishiane amana zao ili wakikutana waweze kuulizana hali.